Maharagi ya Mama Yako Haikuungua

Bunia, Nyakasanza, siku ya ine, mvua bado haijaanza

Giramiya mwanangu,

Umeenda kusukwa nywele na umesema utarudi mbele ya jua kuzama. Ninajua wale wasichana ya kusuka: wanaanza upande moja, wanakula, wanacheka, wanasahau upande ingine. Basi niko na saa. Nimekaa nyuma ya nyumba na kaye yako ya shule, ile yenye ulisema haina kazi tena, nimepasua karatasi ya katikati. Ukigeuza nyuma utakuta mizizi yenye ulichora na majina ya wadudu kwa Kifaransa. Usikasirike. Mutu mwenye aliachia masomo mwaka ya ine ya primere hanunuake karatasi mupya kwa kuandika makosa yake.

Mambo ya safari sitaiandika. Shangazi yako amesema yote na akarudilia: maji ya kuchemsha, karte yako usiipoteze, wanaume wenye wako na pikipiki, wanaume wenye hawana pikipiki. Ile kazi ni yake na anaipenda. Mashauri yangu miye unaijua. Ni miye nilikufundisha namna ya kukata miwa ya padri bila kutingisha majani. Nani atanisikiliza nikianza kuhubiri.

Niko na kitu moja tu ya kukuambia, na kinywa yangu imeshindwa nayo tangu ulikuwa mutoto ya miaka sita. Jana jioni nilijaribu. Unakumbuka? Nilikuita, nikasema, "Giramiya, nataka tuongee mambo ya mbegu."

Ukaniangalia vile unaniangaliaka. "Papa, ukileta ile uso, najua unataka kuomba kitu."

Nikakuomba sukari.

Leo sikuwa nataka kujaribu tena. Nilisema moyoni: aende, miye nitakufa nayo, wazee wengi wamekufa na kubwa kuliko hii. Lakini saa sita nilipita kwa Mama Dorika, mukubwa ya wale wamama kumi na saba wenye wanalima bondeni, na nikaona beseni yake. Toka pale nimekamata kalamu, na usiseme ni pombe, sijaonja kitu.

Beseni ilijaa maharagi, ndani ya maji. Nyekundu, nyeusi, zile ndogo za manjano. Ile ilikuwa mbegu yake, naijua, anaichungaka ndani ya bido ya plastiki na majivu. Nikamuuliza, "Kuna ndoa hapa?"

"Hakuna ndoa, Muzee. Tunakula."

"Munakula mbegu?"

"Nichunge hii ya nini tena? Mutoto yako alisimama mbele ya kanisa siku ya mungu, akasema mbegu ya kopo iko njiani, na mbolea, itafika mbele ya mvua. Watoto yangu wako na njaa leo, Muzee. Hawako na njaa ya mwezi ujao."

"Na wamama wengine?"

"Wawili wameloweka kama miye. Wengine wataipeleka ku soko keshokutwa, siku ya posho."

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikasema, "Ongeza chumvi, nitarudi na sahani yangu." Nikaenda. Baba yako ni mutu ya namna ile. Nyumba inaungua, yeye anatafuta neno ya kuchekesha.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi unaenda Mahagi, ku mupaka, kukaa kule na kufanya kazi ku depo. Magunia inatoka Uganda, weye unaipokea, unaipakiza ku gari, inateremuka Bunia. Ni kazi ya heshima, na umeisomea. Sisemi kitu mubaya juu ya ile kazi. Lakini siku ya mungu, vile ulisimama pale inje ya kanisa na ile farde yako ya karatasi mu mikono, wamama wamekuzunguka, weye unasema "iko njiani, iko njiani", sikukuona weye. Nilijiona miye. Nikaenda kukojoa nyuma ya kanisa, na padri alinikuta.

Wakati ulikuwa mutoto tulikuambia kama kibuyu ya maharagi ya mama yako iliungua pamoja na nyumba yetu ya kilimani, ile siku tulikimbia. Umekomaa na ile habari. Umeiandika hata mu kazi yako ya shule, niliisoma: "familia yangu ilipoteza mbegu zake kwa sababu ya vita." Mwalimu aliweka alama ya muzuri pembeni.

Haikuungua, Giramiya. Ile nyumba iliungua, ndiyo, na kitanda yangu, na picha ya ndoa. Lakini kibuyu ilikuwa tupu tangu mwaka moja mbele ya moto. Tuliila. Na mwenye aliimwaga mu sufuria ni miye.

Nitakueleza polepole, sababu nikienda mbio nitaanza kujitetea.

Kwetu, binti akitoka nyumbani kwenda kuishi kwake, mama anamupa kibuyu ya maharagi ya mbegu. Hapana zawadi na hapana chakula. Mama anaketi naye, anamwaga kidogo ku mukeka, anamuonyesha moja kwa moja: hii ni ya mwaka ya mvua mingi, hii ni ya jua, hii ni ya udongo yenye imechoka, hii haizai sana lakini haijawahi kukosa. Mama yako aliipata kwa mama yake, na ule alipata kwa mama yake. Wakati nilimuoa, alikuja na nguo mbili, na kibuyu. Niliona kibuyu nikafikiri ni pombe. Nilifurahi bure.

Alikuwa anaipanda yote pamoja, mu shamba moja, imechanganyika. Nilimuchekaka. "Maharagi yako iko kama watu ya soko, kila mutu na rangi yake na fujo yake." Yeye anasema, "Subiri mvua ikatae, ndiyo utaona nani anabaki ku soko." Na kweli, mvua ikizidi, nyeusi inabaki. Jua ikiwaka, ile ndogo ya manjano inabaki. Hatukuvuna mingi hata siku moja, lakini sufuria haikulala tupu. Akimaliza kuvuna anachagua mbegu ile ya muzuri, anaipiga na majivu, anafunga kibuyu na jani ya ndizi, anaitundika juu ya moto, fasi moshi inapita. Wadudu hawapendi moshi. Miye pia sikupenda, nilisema nyumba yetu inanuka kama samaki ya moshi ya Kasenyi.

Basi ikaja mbegu ya kopo. Kulikuwa na patron moja wa Bunia mwenye alikuwa anaileta kutoka ngambo: mahindi, kabichi, nyanya, na mbolea ya kizungu, na dawa ya kupulizia. Alitafuta mutu kila kilima mwenye anajua kusoma kidogo na kusema mingi. Kusoma kidogo, kusema mingi: ni nani huyo? Alinichagua bila kufikiri. Akanipa kofia. Ilikuwa na picha ya mahindi mbele, manjano ya kuangaza. Nisamehe, mwanangu, lakini nilipenda ile kofia kupita vile nilipenda viatu ya ndoa. Nilikuwa nalala nayo karibu na kichwa. Mama yako alisema, "Siku moja utaniambia nisogee ilale katikati."

Sitakudanganya tena, basi nitasema na hii: ile mbegu ilikuwa muzuri. Misimu mbili tulivuna mahindi yenye haijaonekana kule. Kabichi moja, mama moja anaibeba kama mutoto ya miezi mitatu. Bati ya nyumba ilitoka pale, na yunifomu ya kaka yako. Mutu akikuambia kama baba yako alichukia mbegu ya wageni, mwambie anasema uwongo. Niliipenda. Niliipenda kama mutu mwenye amepata bibi wa pili na anataka kumufukuza wa kwanza.

Msimu ya tatu patron akaniambia, "Gari kubwa inakuja, mbegu na mbolea ya kilima yote. Waambie watu yako wapande mbegu moja, waache ile muchanganyiko, inaharibu shamba." Ni hiyo tu alisema. Hakusema tupike. Ile ya kupika ilikuwa akili yangu peke yangu.

Niliita karamu. Kila nyumba ilete kibuyu yake, tupike yote siku moja, mu sufuria kubwa za matanga, na mafuta ya mawese, na pombe ya kaikpo ya kushushia. Nilisimama ku kiti, na kofia ku kichwa, nikasema leo tunazika njaa, hatutarudi kwa moshi na majivu ya wanyanya. Watu walipiga makofi. Mutu mwenye tumbo iko inangoja chakula anapigaka makofi kwa kila kitu.

Mama yako hakuleta kibuyu yake. Nilirudi nyumbani, nikaitafuta, nikaikuta chini ya kikapu ya kuku. Niliibeba mpaka mbele ya watu, yeye anafuata nyuma. Mbele ya sufuria aliniuliza, sauti ya chini, "Uko na hakika ya gari?"

Nikasema kwa nguvu, wote wasikie, "Gari iko njiani."

Nikamwaga. Inatoa sauti, unajua, maharagi mikavu ikianguka mu sufuria. Kama mvua ku bati.

Gari haikuja. Kwanza walisema mupaka imefungwa juu ya ugonjwa. Kisha walisema mupaka imefunguliwa lakini mbolea haijafika kule Uganda, inatokaka ngambo ya bahari na kule watu wanapigana, watu wenye sijui hata majina ya inchi yao. Kisha gari zikaanza kungojea askari wa kuzisindikiza, zikalala ku njia. Kila asubuhi nilishuka mpaka ku barabara na kofia yangu, kusimama. Watu walikuwa wananiuliza, "Muzee kijana, habari ya gari?" Iko njiani. Iko njiani. Siku ingine nilijibu mbele hawajauliza.

Mvua haikuuliza bariere ya mupaka. Ilifika siku yake. Udongo ukalowa, ukanuka vile unanukaka, na kilima yote watu wako na jembe mu mikono na hawana kitu ya kuweka mu shimo. Tulipanda punje za yale mahindi makubwa ya msimu yenye ilipita. Ikaota kama watoto ya baba mbalimbali: moja ndefu bila muhindi, ingine fupi na kamuhindi kama kidole. Weye umesoma, unajua juu ya nini. Siye hatukujua kama mbegu ya kopo haizai sawasawa mara ya pili. Patron hakuandika ile ku kopo. Na kabichi, kwetu kule haitoi mbegu hata ukiilinda mwaka, inaoza na siri yake ndani.

Kulikuwa kumebaki kopo moja ya mahindi ya patron, ile ya rangi ya pinki, imewekwa dawa. Ilikuwa nusu, haingetosha mutu. Jirani yetu aliiosha mara tatu, akapikia watoto. Mutoto wake kadogo alitapika siku mbili, macho imegeuka. Alipona. Lakini miye niliketi pale ku mulango yake usiku na mchana nikifikiri kitu moja: maharagi ya mama yako, ukikosa mvua, unaweza kuila. Ilikuwa mbegu na ilikuwa chakula. Hii ingine, siku yenye njaa imekushika, inakuua.

Mwaka ingine ndiyo tulikimbia, nyumba ikaungua. Tukafika hapa Nyakasanza. Weye ukauliza mama yako, nafikiri alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo: "Mama, kibuyu yenye nyanya alisema utanipa iko wapi?"

Yeye alifungua kinywa. Miye nilitangulia kujibu. "Iliungua pamoja na nyumba, mama yangu. Lia kidogo, kisha wacha."

Ulilia kidogo. Ukaacha. Yeye aliniangalia kwa wakati mufupi, akarudia sombe yake. Mpaka anakufa hakunisahihisha hata mara moja, wala mbele yenu, wala mu kitanda. Mugeni akiuliza, anasema "moto", na anaangalia pembeni. Ile juma ya mwisho ku hospitali nilimwambia, "Nitamwambia Giramiya." Alicheka, na kucheka kulikuwa kunamuumiza. Akasema, "Utaanza na muzaha." Basi rudia kusoma mwanzo ya hii barua.

Sasa utaniambia: Papa, ile ilikuwa zamani, leo kuna telefone, na sitakuwa mutu ya kungojea gari, nitakuwa kule kwenyewe. Ni kweli. Utakuwa ku bariere. Utaona magunia kwa macho, ngambo, mita mia moja, na hautaweza kuivuta. Patron yako anangoja patron ya Kampala, ule anangoja meli, meli inangoja watu wenye hawajui kama kuna fasi inaitwa Bunia. Na kila mutu kati yao ukimuuliza atakuambia neno moja, na atakuwa anaiamini. Miye niliiamini. Patron yangu pia aliiamini, alipoteza mali yake ku ile gari. Hakuna mutu alidanganya. Ni hiyo inaniogopesha. Kama kungekuwa na mwizi ningekuambia jina yake na ungejichunga.

Kosa haikuwa kopo. Kosa ilikuwa kuambia mutu mwenye ako na mbegu mu mikono kama ile haina kazi tena, sababu ya mbegu yenye miye siko nayo mu mikono.

Hapa naacha.

Nimesoma yenye nimeandika, na nimeona upumbavu yangu. Maharagi ya Mama Dorika iko ndani ya maji tangu asubuhi, yeye anapikaka saa kumi, na miye nimeketi hapa kulilia maharagi yenye ililiwa miaka ishirini iliyopita. Ninaenda. Usiguse hii karatasi ukifika mbele yangu.

Nimerudi. Jua iko juu ya nyumba ya jirani. Bado haujarudi, Mungu awabariki wasichana ya kusuka.

Nilikuta moto imewaka, sufuria iko juu, maji inaanza kuimba, beseni iko chini pembeni. Mama Dorika na wale wawili walikuwa wameketi wanapiga makelele juu ya bwana ya mutu. Niliingia bila kubisha.

"Aa, Muzee," moja akasema, "hata sahani umesahau."

"Ondosha ile sufuria ku moto," nikasema.

Walicheka. Niliposhika beseni wakaacha kucheka.

Niliwaambia, Giramiya. Nilisimama, beseni mu mikono kama mutu mwenye ameiba, nikasema yote: karamu, kofia, kibuyu chini ya kikapu, gari. Nikasema na uwongo ya moto. Nilijaribu kuweka muzaha fasi moja na haikukubali kutoka. Nilipomaliza, beseni ilikuwa imeinama mu mikono yangu.

Mama Dorika akasema, "Muzee, weka beseni chini, utaimwaga."

Nikaweka.

"Miye nilikuwa pale," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi. Nilikula mara mbili. Mama yangu alileta kibuyu yetu na alipiga makofi kama wengine. Hii mbegu ya leo nilipewa na mama ya bwana yangu."

"Weye ni wa kilima ile?"

"Nusu ya hii mutaa ni watoto ya kilima ile, Muzee, wamekomaa na haukuwatambua. Siye wote tunajua. Ni watoto yako peke yao wenye hawajui. Mama Giramiya alipita nyumba kwa nyumba, tulipofika hapa, akatuomba tunyamaze. Alisema: watoto yangu watapoteza mingi, wasipoteze na baba."

Niliketi chini. Hakuna mutu aliniambia nikae.

Miaka yote nilifikiri ninaficha kitu. Kumbe ni watu walikuwa wananifunika, kama mulevi mwenye amelala ku njia uchi.

Kisha nikakasirika, unajua baba yako, aibu ikinishika ninatafuta mutu wa kugombana naye. Nikasema, "Kama munajua, juu ya nini munapika mbegu?"

Na Mama Dorika, bila kuinua sauti: "Sababu Giramiya amesoma. Weye hukusoma."

Nimekuandikia hii neno kama alivyoisema. Ubebe ile, ni nzito kuliko sanduku yako. Watu wenye walishaungua na baba walikuwa tayari kuungua na binti, juu ya diplome yako. Hawakukuamini bila akili. Walikuamini sababu walikuona kutoka utoto, unachora mizizi.

Tukaangalia beseni. Ilikuwa imevimba, ngozi imeanza kukunjika. Maharagi ya namna ile huwezi kuikausha tena, itaoza. Ni kupika, ao ni kupanda leo. Mvua haiko. Mama Dorika alifikiri kidogo, akasema pembeni ya chemchem udongo ungali mubichi, tupande kule na tumwagilie kwa mukono mpaka mvua ije. Akatuma binti yake akimbie kwa wale kumi na ine wengine: asiloweke mutu, asiuzishe mutu siku ya posho. Wale wawili walikubali palepale, wakaleta na zile walikuwa wameloweka. Kati ya wale kumi na ine, moja alituma jibu: atafikiri kwanza. Sijui atafanya nini. Bado siku moja mbele ya soko.

Na watoto? Watoto walikuwa wamesimama ku mulango wanaangalia sufuria ya maji tupu. Hii ndiyo fasi maneno yangu yote ilikuwa rahisi, na tumbo yao haikuwa rahisi. Mama Dorika alichota mikono mbili mu beseni, akaitupa mu sufuria. Kisha nilirudi hapa nyumbani, nikakamata unga yetu ya muhogo na ile samaki ya chumvi yenye shangazi yako alinunua ya kukuaga, nikawapelekea. Leo jioni utakula mboga ya lenga-lenga tu. Shangazi yako hajajua. Niko nasikiliza mulango.

Tulipanda watu wanne. Sikuwa nimeinama mu shamba tangu mama yako alikufa. Mbegu yenye imelowa haitupwi mu shimo, inawekwa, moja moja, na kidole, sababu kale kamuzizi kako karibu kuchungulia na ukikavunja imekwisha. Mama Dorika alikuwa ananiangalia mikono. "Polepole, Muzee. Hii ni mbegu, hapana kofia." Wamama walicheka mpaka mwingine akaketi mu matope. Sikukasirika. Ilikuwa mara ya kwanza kuicheka na watu wenye wanajua.

Alama za udongo ku hii karatasi ni za pale. Nimenawa lakini ku makucha imebaki.

Sasa, yenye nimekufanyia. Nimekuondolea heshima ya kungojewa. Wale wamama kesho hawatakuimbia kama mutu mwenye atawaokoa. Mama Dorika ameacha upande moja ya shamba wazi, akasema, "Mbegu ya Giramiya ikifika, tutaipanda pale. Isipofika, tutapanda viazi." Ni hiyo tu umebakiziwa. Utanikasirikia. Uko na haki, na njia ya Mahagi ni ndefu, utakuwa na saa ya kunikasirikia muzuri. Lakini ukifika ku depo na ukaona gari zimefungwa upande ingine, utalala. Miye sikulala mwaka muzima.

Fanya ile kazi. Leta mbegu, leta mbolea, piga kelele ku bariere, unajua kupiga kelele, ni mali ya upande yangu. Na siku yenye kitu haiko, piga telefone kwa Mama Dorika, sema "haiko". Usiongeze neno ingine. Ni neno yenye nilikuwa nayo ku ulimi kila asubuhi ku barabara, na sikuitoa hata siku moja.

Kibuyu ya kukupa sina. Nilitaka kuomba mikono moja ya mbegu kwa Mama Dorika, kinywa ikafungua, nikaona watoto yake, nikaifunga. Utaenda mikono mitupu kama hakuna binti wa kwetu aliwahi kwenda, na sasa unajua ni sababu ya nani. Ukikutana kule Mahagi na nyanya fulani wa upande wa mama yako, mwenye angali anachanganya maharagi, keti naye, muambie ukweli, uombe. Usimwambie moto.

Ninasikia sauti yako ku njia, unacheka na mutu. Nitaweka hii barua mu sanduku yako juu ya nguo, utaikuta asubuhi mbele ya kuifunga.

Ukinitafuta asubuhi mu nyumba, hautanikuta. Gari yako inaondoka saa kumi na mbili, na ile maharagi inataka maji mbele ya jua kutoka. Tumegawana: miye na Mama Dorika asubuhi, wale wawili jioni. Njia ya gari inapita juu ya bonde. Angalia upande ya kushoto, utaona watu wawili wameinama na bido. Usimwambie shofere asimame.

Ni miye,
Papa yako